Keki ya Mkaguzi

Tangu asubuhi Bi Tove alikuwa hakaliki. Mkaguzi wa manispaa alikuwa njiani, aje kuamua kama ajuza huyu anayeishi peke yake bado anastahili mhudumu wa kumwogesha. Bila mhudumu hawezi kuvuka ukingo wa beseni la kuogea. Alipojaribu mwaka jana alivunjika nyonga. Na bado alikuwa akipiga deki!

“Kaa chini, wewe! Mgonjwa gani anang'arisha sakafu na kuoka keki? Mkaguzi atasema wewe mzima!” alifoka Aksel, jirani yake.

“Mgeni aingie nyumba ya Mdenmaki asikute keki? Aibu hiyo nitaiweka wapi?”

Mkaguzi akaja, akanywa kahawa, akaonja. “Keki tamu! Nani kaoka?”

“Mimi,” akadakia Aksel, huku akimkanyaga Tove mguu chini ya meza.

Tove akajipindapinda kitini, akilifikiria beseni. Mkaguzi akachukua kipande cha pili. “Bwana Aksel, una mkono mtamu kweli.”

Uvumilivu ukamwisha Tove. “Huyu? Hata yai hajui kuchemsha!”

Aksel akafunika uso.

“Kumbe mikono ni mizima,” mkaguzi akacheka. “Twende bafuni tukaione miguu.”

Mbele ya beseni, mguu wa Tove ulikataa katakata kunyanyuka.

“Mhudumu anabaki,” akasema mkaguzi. “Keki haiokwi kwa miguu.”