Lugano, Mwambie Babu

Tangu aolewe kijijini Ipyana, Tupokigwe hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Mwanamke wa Kinyakyusa hamkabili baba wa mumewe. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia migombani mpaka apite. Tupokigwe alikuwa na stashahada ya mifugo na mdomo usiojua kubembeleza, lakini mila hiyo aliifuata bila kinyongo. Mzee Ambilikile alikuwa mjane, nyumba yake imepeana mgongo na yao. Lugano alipozaliwa wakapata njia ya kuzungumza: mama upande huu wa ukuta, mzee upande ule, maneno yakipitia kwa mtoto asiyejua hata kusema.

"Lugano, mwambie babu uji umeiva."

"Lugano, mwambie mama yako babu hajawa kiziwi. Hapa si mnadani."

Serikali ilipopunguza watumishi miaka ile ya tisini, Tupokigwe naye alipunguzwa. Hakukaa kulia, alifungua duka la dawa za mifugo kule Bondeni, mjini Kyela, na mtoto akawa anashinda kwa babu yake. Kwa hiyo Lugano alipofika miezi mitano, utosi ungali mpana na laini, miguu imepinda, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, mama yake hakuhitaji kuambiwa kitu. Ndama wa namna hiyo alishawaona. Mifupa inakosa madini ya chokaa. Dawa yake ni vitamini D, chokaa yenyewe, na jua. Akanunua matone kwenye duka la dawa baridi, akasaga usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, pamoja na miiba yake, akatoa amri ukutani.

"Lugano, mwambie babu matone ni asubuhi na jioni. Unga wa usipa kila uji. Na akutoe juani, asikufungie ndani kama kifaranga."

"Mwambie nimesikia."

Mtoto akaanza kutapika. Akafunga choo, akakonda. Tupokigwe akaongeza matone.

Ezroni, mumewe, aliporudi na bidhaa zake kutoka Karonga, alimtazama mwanawe akaweka mzigo chini. "Mama Lugano, mpeleke hospitali. Huyu si ndama."

"Ndama angeshapona," akajibu. Lakini alimpeleka.

Huko Mbeya walimtoa mtoto damu, wakampiga picha ya mifupa. Daktari, kijana mpole, aliuliza kama ananyonya. Ananyonya, na uji anakunywa. Habari za matone hakuulizwa, naye hakuzitaja. Hakutaka kufundishwa kazi na kijana mdogo vile. Alipoitwa kufuata majibu alikwenda peke yake, kwa kuwa barabara ilikuwa inamtikisa Lugano mbavu. Alimwacha kwa babu yake.

"Tulidhani ni upungufu wa vitamini D," daktari alisema. "Ingekuwa hivyo, kuna kimeng'enya kimoja kwenye damu kingepanda. Cha mwanao karibu hakipo. Maabara walifikiri vipimo vyao vimeharibika, wakarudia."

"Kinafanya kazi gani?"

"Kinaondoa kizuizi, chokaa ipate kushika kwenye mfupa. Bila hicho, chokaa iko tele lakini haina pa kukaa. Inabaki kwenye damu. Ndiyo inayomtapisha, na itamharibu figo. Ni ugonjwa wa kurithi, mama. Wewe una nusu ya kasoro, baba yake ana nusu, na nyote ni wazima. Yeye amezikuta zote mbili."

"Dawa?"

"Kwa sasa hakuna, popote pale. Wengine hawamalizi mwaka. Wengine wanaupita, mifupa ikaanza kukaza. Sisi kazi yetu ni kutomwongezea chokaa. Hakuna anayempa vitamini D, sivyo?"

Tupokigwe akatazama sakafu. "Anapewa."

"Na nani?"

"Na babu yake."

Daktari akatikisa kichwa. "Wazee wetu hawa."

Naye hakumsahihisha. Njia nzima, mpaka anashuka Kyela na kushika njia ya Ipyana kwa mguu, maneno hayo matatu ya daktari yalikuwa yakimchoma kuliko yote aliyoyasikia kuhusu damu na mifupa.

Alifika jua likiinama. Mzee Ambilikile alikuwa nje, kwenye kigoda, Lugano mapajani, kichupa cha matone mkononi. Miguu ya Tupokigwe ikamwingiza migombani yenyewe, kama ilivyozoea.

"Lugano," akaita kutoka kule majanini, "mwambie babu..."

Habari hiyo ingepitaje kwenye mdomo uleule uliokuwa ukilishwa sumu? Mzee alikuwa ameshainamisha kichupa. Tupokigwe akatoka.

"Baba, acha!"

Mzee akashtuka, akageuza uso ukutani, akiwa amemkumbatia mtoto. "Mkwe, umenikuta vibaya. Ngoja niingie ndani."

"Usiingie. Nipe hayo matone."

Akanyoosha mkono bila kugeuka. Kucha zake zilikuwa na unga wa usipa. "Sijaruka hata siku moja," akasema. "Leo nimemzidishia kidogo. Nilitaka umkute ana nguvu."

"Yanamuua, baba. Matone, unga, vyote. Ni mimi niliyeagiza. Na daktari aliponiuliza nani anampa, nikakutaja wewe."

Mzee akageuka. Macho yake yalikuwa ya Lugano, yaleyale, yenye kope ndefu. Hakumwambia kwamba si kitu. Akauliza, "Sasa tumpe nini?"

"Anyonye. Na maji."

"Na jua?"

"Jua nalo linamwongezea. Tumwondoe."

Mzee akasimama na mtoto, Tupokigwe akabeba kigoda, wakasogea kivulini. Lugano akalia kile kilio chake chembamba.

"Kesho tunampeleka Mbeya," Tupokigwe akasema. "Nitamwambia daktari ni mimi."

Mzee akamkabidhi mtoto, akageuzia uso wake kwenye migomba.

"Lugano," akasema, "mwambie mama yako akunyonyeshe."

Tupokigwe hakujua kama amesamehewa au amerudishwa nyuma ya ukuta. Akafungua vifungo vya blauzi, akampa mtoto ziwa.