Ushuhuda wa Papa Crispin

Kanisa letu la Saint-Josse zamani lilikuwa gereji. Komini, yaani serikali ya mji, inaturuhusu kusali humo, kulala, hapana. Kwa hiyo wakati wa baridi magodoro tuliyaficha nyuma ya spika kila asubuhi, na niliwaonya wote waliolala pale: mtu akiwauliza, semeni mnakuja kwenye maombi.

Papa Crispin, mzee wa Bukavu aliyefukuzwa alikokuwa amepanga, alikuwa na mapafu mabovu. Daktari alisema baridi ya nje itammaliza. Nilimpa nafasi karibu na hita.

Jumapili moja akaja mama mzungu mwenye koti la bluu. Mchungaji Éliézer, kama kawaida, akawaomba wageni wasimame wajitambulishe.

"Natoka komini, idara ya majengo," alisema kwa Kifaransa.

Tukampigia makofi kama tunavyompigia kila mgeni. Kisha ikafika zamu ya ushuhuda, na Papa Crispin akasimama. Nilimkazia macho. Hakuniangalia.

"Bwana asifiwe. Maman wa komini, mimi nilikuwa nalala kwa stesheni ya treni, Gare du Midi, mapolisi wananifukuza. Sasa ninalala hapa..."

Nikaanzisha wimbo. Ndivyo tunavyomkatiza mtu ushuhuda ukirefuka. Kwaya ikadakia, ngoma zikaingia. Papa Crispin naye akacheza, na wimbo ulipokwisha akaendelea alipoachia.

"Donc, godoro yangu iko kule nyuma ya spika. Komini, merci mingi kutuachia hii nyumba."

Alidhani komini ndiyo iliyotoa ruhusa ya kulala. Mgeni akageuka kutazama spika.

Baada ya ibada alizungumza nasi bila ukali. Wanaolala hapa waondoke leo, la sivyo mlango utafungwa kwa muhuri, na kusali pia basi. Wazee wa kanisa wakatazama viatu vyao. Mimi nyumbani nina watoto wanne, vyumba viwili.

Tulipokuwa tukikunja magodoro, Papa Crispin aliniuliza, "Maman Mujinga, nilisema mubaya?"

"Ulisema kweli, papa. Vaa soksi mbili."

Jumapili iliyofuata alikuja amelowa, akaketi nyuma kabisa. Mchungaji alipoita ushuhuda, watu waligeuka kumtazama. Hakusimama. Alikohoa tu, akajaribu kuacha, akakohoa tena.

Nikaanzisha wimbo ili tusimsikie.