Bibi Harusi Ndani ya Ajuza

Mshale wa joto ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu fundi alipoliweka gari kando ya barabara, na kabla hajazima injini mvuke ulifumuka chini ya boneti, ukayafunika maua na riboni. "Leo?" alifoka. "Siku zote hizo, uchague leo?"

Gari lenyewe lilimzidi umri, na mtaani waliliita Ajuza. Alilikuta limegeuzwa banda la kuku, akalifufua nati kwa nati kwa ajili ya safari hii moja: kumpeleka mpwa wake akaolewe. Marehemu dada yake alimwachia mtoto huyo angali anatambaa, naye aliapa kumfikisha kwa mumewe kwa heshima zote. Sasa bibi harusi alikuwa kiti cha nyuma, kimya ndani ya shela, na watu wa bwana harusi walikuwa wanasubiri.

Kifuniko cha rejeta hakukigusa. Alishawahi kuungua, akashika adabu. Alikagua mkanda wa feni na mipira ya maji, akalala chini kutafuta hata tone. Kila kitu kizima. "Ajuza, nimekukosea nini?" Kisha akachungulia nyuma ya wavu wa mbele, akatoa macho.

Kipande cha boksi kilisimama mbele ya rejeta, kimeziba upepo wote wa kuipoza injini. Alikijua. Asubuhi za baridi alikiweka pale ili injini ipate moto upesi, kisha akakitoa kabla ya kuondoka. Aibu ikamshika.

"Uzee ndio huu! Fundi mzima nasahau boksi. Nisamehe, mama, nimekuharibia siku."

"Hukusahau, mjomba." Bibi harusi alikuwa ameshuka, ameshika pindo la gauni lisiguse vumbi. "Nimeliweka mimi."

Fundi alicheka. Mpwa wake alikulia gereji, na utani wa gereji aliumudu kuliko mafundi wenyewe. Alipomtazama, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Wewe?"

"Mwezi uliopita mchumba wangu alinifungia chumbani kwake kutwa nzima. Funguo akaondoka nazo. Aliporudi akasema nianze kuzoea."

"Yule kijana? Yule mpole, anayeniamkia mpaka ananipigia goti?"

"Huyo huyo."

Fundi akaegemea tairi. "Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Kila nilipokuja kukuambia nilikukuta chini ya gari hili, unaimba."

Fundi aliikumbuka miguu ya mpwa wake. Alikuwa akiiona kutoka uvunguni, ikija, ikisimama karibu na tairi, kisha ikienda zake. Naye alidhani binti anakuja kulisifia gari, akazidi kupaza sauti.

Walikaa ukingoni mwa barabara. Mvuke ulikwisha, kivuli cha gari kikahamia upande wa pili. Simu ikalia: baba wa bwana harusi.

"Jamani, mko wapi? Wageni wamechoka!"

"Njiani. Gari limechemsha."

"Litapoa lini?"

Fundi alimtazama mpwa wake, aliyekuwa akimkazia macho. Akainuka, akaweka kiganja chote juu ya injini. Ilikuwa imepoa.

"Bado," alisema. "Bado linachemka, mzee. Linachemka vibaya sana."