Sanda Zilizouzima Moto

Nyumba ya bibi yetu ilinuka. Sufuria la vifukofuko vya hariri lilichemka jikoni kutwa, na mdudu aliyelala ndani ya kila kifuko alitolewa, akakaangwa kwa chumvi, akaliwa na wali. Shuleni walituita wajukuu wa viwavi. Tulipomshtakia bibi, ambaye sote tulimwita Nenibe, alituuliza kama hao wanaotucheka mababu zao wamelala uchi makaburini. Tukasema hapana.

"Basi waambieni wanyamaze," akasema. "Mimi ndiye niliyewavika."

Na kweli alikuwa amewavika. Jina lake Razafy, na karibu kila ukoo wa mji wetu, hata wa vijiji vya ng'ambo ya mto, ulichukua sanda kwake. Kwetu marehemu haachwi peke yake. Kila baada ya miaka kadhaa, majira ya baridi, ndugu humtoa kaburini, wakamfunga sanda mpya juu ya ile ya zamani, wakampasha habari za nyumbani, wakacheza naye, kisha wakamrudisha. Mtu anaweza kuvaa viraka maisha yake yote, lakini siku hiyo lazima avae hariri.

Vitanda vya kufumia alivirithi kwa mama mkwe wake. Babu alikufa mapema, akamwachia watoto wawili: mjomba wangu Naivo na mama yangu, Vololona. Watu walimshauri auze vile vitanda aolewe tena. Yeye akaongeza vingine, akavipanga chumba cha chini, akawafundisha wajane wenzake kufuma. Mama anasema alilala kwa mlio wa vile vitanda hata akaolewa, na kwamba usiku wa kwanza nyumbani kwa mume wake alikosa usingizi kwa sababu ya ukimya.

Nenibe hakuwa mpole katika biashara. Aliyekuja kulalamikia bei alipewa kiti na chai, lakini bei ilibaki palepale. Siku moja alikuja mchuuzi kutoka mji mkuu na nyuzi za nailoni, akamweleza kwamba wenzake wote sasa wanachanganya na hakuna anayetambua. Nenibe alichukua uzi mmoja akausogeza kwenye kaa la moto. Ukajikunja, ukadondoka matone.

"Sasa hii nimvike nani?" akamuuliza. "Ndoo?"

Hariri yake ilitoka kwenye msitu wa miti iitwayo mitapia, kilimani juu ya kijito. Viwavi wale hawafugwi ndani. Huishi kwenye miti ile, na miti ikiisha, nao wameisha. Msitu haukuwa wake, haukuwa wa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeulinda. Wachungaji walichoma majani ya vilima kila mwaka ili ng'ombe wapate machipukizi, na kila mwaka moto ulimega kipande cha msitu.

Mwaka ambao mjomba Naivo alikuwa ndiyo kwanza ameoa, Mzee Rainizafy aliagiza sanda za ukoo wake mzima. Alikuwa mtu wa mashamba na ng'ombe wengi. Mtabiri alikuwa ameshampa siku ya kuwatoa wafu wake, wapiga tarumbeta walikuwa wameshaagizwa, na ndugu walikuwa njiani kutoka pwani. Wanawake wa Nenibe walifuma msimu mzima. Kazi ilipokwisha, wakazipeleka sanda kijitoni chini ya msitu, maana sanda mpya huoshwa na kupigwapigwa mpaka ilainike, na maji ya pale ni safi.

Kuhusu siku ile, mama na mjomba hawakubaliani mambo mengi. Mama anasema moto ulinguruma kama lori linalopanda mlima. Mjomba anasema haukuwa na sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Lakini wote wawili waliuona ukivuka mgongo wa kilima, upepo ukiusukuma kuelekea mitapia. Walikata matawi wakaupiga. Matawi yakashika moto mikononi mwao. Wafumaji wakaanza kurudi nyuma, wakimwita Nenibe waondoke.

Nenibe alishuka kijitoni, akavuta sanda moja kutoka majini, nzito inachuruzika, akapanda nayo.

Mjomba alimkamata mkono. "Mama, hizo ni za wafu wa watu."

"Wafu wana subira, Naivo. Huu hauna."

Akaupiga moto kwa ile sanda, hatua kwa hatua, kwenye ukingo wa msitu. Mama ndiye wa kwanza kumfuata, akafuata mjomba, kisha wanawake wote, kila mmoja na sanda aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe. Zilipokauka walizirudisha majini, wakapanda tena. Jua lilipoinama, majani ya kilima kizima yalikuwa jivu jeusi, na mitapia ilikuwa imesimama. Nenibe hakuwa na nyusi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama.

Kesho yake asubuhi alizipanga zile sanda kapuni, zimetobokatoboka, zina kingo nyeusi, akajitwisha na kwenda kwa Mzee Rainizafy kwa miguu. Alikataa kusindikizwa, lakini mjomba alimfuata hivyo hivyo. Anasema ua ulikuwa umejaa ndugu waliokwisha kufika. Nenibe alitua kapu mbele yao, akaeleza yote bila kupamba, akasema atafuma nyingine, ila haziwezi kuwahi siku ya sherehe.

Mzee Rainizafy aliinua sanda moja, akainusa. Mjomba alikuwa tayari kwa matusi. Yule mzee aliuliza tu kama ni kweli msitu umepona. Akaambiwa ni kweli. Akaikunjua ile sanda mbele za watu wake, akapitisha kidole kwenye matundu.

Dada yake ndiye aliyesema, bibi kizee asiye na meno, aliyekuwa akichambua mchele pembeni.

"Iliyoungua zaidi mpeni baba," akasema. "Maisha yake yote alichoma vilima hivi. Aivae, akawaeleze wenzake huko aliko."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikazunguka ua. Mzee Rainizafy naye akacheka, huku akifuta macho. Akamshika Nenibe mikono, akaona viganja, akaacha kucheka. Akamwambia, "Mama Naivo, tutawavika hizi hizi."

Wakawavika. Siku ya sherehe, watu walitoka hata vijiji vya mbali kuziona. Mama anasema hajapata kuona umati uliotulia vile mbele ya tarumbeta.

Msimu ule Nenibe hakuweza kushika uzi. Alikaa kitini akifuma kwa mdomo, kila uzi akiuelekeza yeye, na mama anaapa kwamba wafumaji waliomba majeraha yale yapone zaidi kuliko alivyoomba mwenyewe. Majira ya kiangazi yaliyofuata, watu walipanda kilimani na majembe wakakata njia pana kuuzunguka msitu, moto usipite. Hakuna aliyewaita. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji. Nenibe aliwapelekea wali na viwavi wa kukaanga, nao wakala.

Mwaka jana, Agosti, ilikuwa zamu ya Nenibe mwenyewe kutolewa kaburini. Tulimfunga sanda niliyoifuma mimi, maana vitanda sasa viko mikononi mwangu, na ndugu wakakaa mstari mmoja wampokee magotini. Mama alimwinamia akamwambia kwamba mitapia imesongamana kiasi kwamba mbuzi wanapotea humo. Mjomba Naivo alivua kofia.

Nilipowekewa mimi, alikuwa mwepesi kama tita la majani makavu. Nilikumbuka sanda iliyolowa jinsi inavyolemea. Mimi na nguvu zangu siwezi kuiinua peke yangu bila kupumzika, na yeye alipanda nayo kilima. Nikamshika kwa mikono miwili mpaka waliokuwa wakingoja zamu yao wakaniomba niwapishe.