Kota Namba Kumi na Saba

Jumamosi asubuhi Renatus alikuwa akikata dirisha la kota namba kumi na saba kwa wembe. Ubao ulikuwa wa mninga, mwembamba kama biskuti, na dirisha halikuzidi ukucha. Mezani pale sebuleni alikwisha kujenga stesheni ya Tabora, reli za waya na kota kumi na sita za wafanyakazi wa reli, ambako alikuwa seremala miaka thelathini. Kota zenyewe zilibomolewa mwaka juzi kupisha yadi ya makontena. Kwa kipimo chake mezani, hatua moja ya mguu aliifanya upana wa kidole gumba.

Kila kota ilipokamilika, jioni marehemu waliowahi kukaa humo walirudi, kimo chao njiti ya kiberiti. Wa nyumba ya mzee Ngollo walitangulia. Waliweka vyungu, wakawasha moto jikoni.

"Baba, weka bati chini," alisema Suzana, binti yake. "Moshi sina ugomvi nao, ila meza ikiungua utajenga juu ya nini?"

Renatus akaweka bati.

Namba kumi na saba ilikuwa ya kwake. Mkewe, Jeska, alifia humo, akazikwa makaburi ya kota. Makaburi yalipohamishwa Renatus alikuwa amelazwa hospitali. Alipotoka, hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi jipya. Alitaka kumwuliza Jeska mwenyewe.

Kota ilikamilika siku hiyohiyo, na jioni Jeska akaja. Alisimama nje ya nyumba, khanga begani, hadi adhana ya magharibi, kisha akaondoka. Siku ya pili hivyohivyo. Renatus alijaribu bawaba kwa ncha ya sindano. Mlango ulifunguka vizuri.

Siku ya tatu jirani yake, Yahaya, aliyekuwa mtu wa ishara stesheni, aliinama akatazama.

"Seremala mzima wewe! Mlango wa mbele nani aliutumia? Huo ulikuwa wa bwana mkaguzi. Sisi tulipita uani."

"Nimefuata ramani."

"Ramani ilichorwa na mtu asiyepika."

Ilikuwa kweli. Kila familia ilitoboa mlango nyuma ya jiko, na siku ya ukaguzi ikauziba kwa kabati. Renatus ndiye aliyewatobolea wote. Kota za wenzake alizijenga kwa kumbukumbu; ya kwake aliogopa kukosea, akafuata karatasi.

Akautoboa tena mlango huo. Jioni Jeska akapita uani, akatundika khanga, akapuliza moto.

"Mama Suzana, walikulaza wapi?"

"Sijui, baba Suzana. Walituchota kwa koleo, wakatutia watu wanne gunia moja. Mguu huu wa kushoto si wangu."

Renatus aliangalia. Ulikuwa mrefu kuliko mwenzake.

Jumanne alikwenda ofisi ya mradi wa yadi. Karani alimwamkia shikamoo, akamsikiliza hadi mwisho, akauliza ni mguu upi. Kisha akafungua daftari. Mbele ya jina la Jeska paliandikwa: amehamishwa, kamili. Na muhuri.

"Mzee wangu, hapa ni kamili," alisema kwa upole. "Nikiandika vinginevyo nitakuwa nimechafua kitabu."

"Marahaba," alijibu Renatus, maana alikuwa hajaitikia salamu, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Wanasemaje?" Jeska aliuliza, akikoroga kitu.

"Wanasema umekamilika."

Jeska alicheka hadi akalazimika kukaa. Baadaye akaunyoosha ule mguu, akausugua goti.

"Mwenye mguu huwa anaufuata. Anaitwa Prosperi, alikuwa mfunga mabehewa Kaliua. Wenzake wana pa kufikia, yeye hana. Anasimama tu relini."

Renatus alifumba macho. Yalikuwa yakimwuma tangu wiki iliyopita, na Kaliua ilikuwa mbali, na hakuijua nyumba ya Prosperi hata kidogo.

"Mwambie aje anieleze vyumba," alisema.

Suzana hakungoja kuambiwa. Alibeba cherehani yake akaipeleka barazani, akaburuta meza yake ya kushonea hadi ikagusana na ile ya baba yake upande wa magharibi, kuliko Kaliua, akaifuta vumbi.