Keria ya Kijiji

Fundi Sebastiani wa Hedaru hakupenda kufundishwa kazi, sembuse kufundishwa na karatasi yenye muhuri. Lakini Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa huko juu Chome, aliteremka na baiskeli mpya ya kijiji pamoja na azimio la kamati: ifungwe keria, na mikoba miwili ya katani ining'inie ubavuni mwa keria, kwa mbele kabisa, usawa wa pedali.

"Shikamoo mzee. Mikoba ikikaa hapo, visigino vitaigonga. Tuisogeze nyuma."

"Marahaba. Kamati imeshapiga kura."

"Kwenye hiyo kamati, wangapi wanajua kuendesha baiskeli?"

"Hakuna."

Tusi lilimfika Sebastiani mdomoni, akalimeza. Alikaza nati kwa hasira, akiwawazia watu kumi na wawili walionyoosha mikono juu ya kitu wasichokijua, kisha wakakiita maendeleo. Alipomaliza alikaa pembeni kumsubiri mzee aanguke, apate cha kusimulia kilabuni.

Mzee alijaza mikoba chumvi na majembe, akashika usukani, akaanza kuisukuma kama anayeswaga punda. Baiskeli haikuyumba hata kidogo.

"Mzee, hukai juu yake?"

"Kwa mlima ule? Kupanda tunaisukuma, kushuka tunaizuia isitukimbie." Akasimama, akapapasa ugoko wake. "Ila pedali hizi zinanigonga, zing'oe. Na hicho kiti pia, hapo tutaweka gunia."