Bi Tatu Hakuficha Sukari

Mpaka leo nikimkumbuka Vitalis hasira inanipanda, na wala sijaribu kuituliza. Wengine husema yaliyopita yamepita. Waseme wao, si wao waliopinduliwa godoro.

Mwaka ule wa msako wa walanguzi nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika la mtaa wetu, pale Kariakoo. Jumapili jioni nilikuwa Bi Tatu, mpishi katika mchezo wa redio wa chombo cha angani kinachokwenda Zuhura. Mchezo aliuandika Vitalis. Nahodha anatoa amri, Daktari anabishana naye, mitambo inaharibika, kisha mimi naingia na chai na kuambiwa nitoke. Maneno yangu hayakujaza hata kiganja. Lakini kile kicheko cha puani, ambacho watoto wa Kariakoo nzima walikiigiza, Vitalis hakukiandika. Kicheko ni changu, nimetoka nacho kwetu Masasi. Mtaani hakuna aliyeniita Josepha tena. Nilikuwa Bi Tatu kwenye foleni, Bi Tatu kanisani, Bi Tatu bombani.

Mchezo ulipopendwa, Vitalis akataka kutoa kitabu. Wakubwa wa redio wakamruhusu, ila wakamwonya: Nahodha na Daktari asiwaguse, maana kila Jumapili wanatakiwa wawe wazima. Basi akamchukua Bi Tatu. Kuniuliza, hata salamu ya kuniuliza hakuileta.

Kitabu kikajaa kwenye vibanda vyote vya Msimbazi. Ndani yake Bi Tatu ni mlanguzi. Anaficha magunia ya sukari nyuma ya mtambo wa hewa, anawauzia wanaanga wenzake kwa siri, na kila akipokea hela anacheka kicheko chake cha puani. Mwisho wanamfungulia mlango na kumtupa nje, gizani, na aproni yake.

Nilimfuata kwa wapiga chapa wa kitabu hicho.

"Vitalis, umenifanya nini?"

"Dada Josepha, ungenishukuru. Redioni ulikuwa mtu wa chai tu. Humu una sura nne nzima."

"Sura nne za wizi!"

"Sasa ningemfanya nani mwizi? Nahodha? Watu wangechoma redio zao. Mpishi nani atamlilia?"

Alisema hivyo huku anapulizia wino ukauke. Nilitamani nimmwagie kopo zima la wino kichwani.

Wakati huo sukari ilikuwa haijaletwa dukani kwa muda mrefu. Watu walipanga mawe yao kwenye foleni alfajiri, kila mtu na jiwe lake la kumshikia nafasi, na mimi nikifungua mlango nawaambia haipo. Asubuhi moja jirani yangu Benedikta akauliza kwa sauti, "Haipo kweli, Bi Tatu, au iko nyuma ya mtambo wa hewa?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kesho yake akauliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo mzee Tarsis, balozi wetu wa nyumba kumi, akaja chumbani kwangu na mgambo wawili. Wakapindua godoro, wakachungulia mtungini, wakapekua hadi sanduku la nguo zangu za ndani. Hawakupata kitu. Unadhani walisema samahani? Walisema huyu kweli ni fundi wa kuficha.

Ikaitishwa mikutano, wa mwisho ukawa mbele ya duka, kuamua kama nipelekwe polisi. Aliyetajwa mlanguzi mwaka ule hakufukuzwa kazi tu, alipandishwa gari na kurudi kwake kukawa majaliwa. Niliogopa, lakini nilikuwa na njia moja. Nikamwita Vitalis. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba alibuni, basi.

Akaja na kaunda suti iliyopigwa pasi, na vitabu kwapani, endapo kungekuwa na wanunuzi.

"Ndugu mwandishi," akasema mzee Tarsis, "haya ya sukari uliyabuni au uliyaona?"

Vitalis akawatazama watu. Wengi walikuwa na kitabu chake mkononi. Akakohoa, akanyoosha shingo.

"Ndugu Balozi, mwandishi wa kweli habuni. Anachota katika maisha ya wananchi."

Wakampigia makofi! Na yeye akainamisha kichwa kupokea makofi, wakati mgambo mmoja ameshanishika mkono. Woga ukaniisha palepale, ikabaki hasira tupu.

"Mzee Tarsis, naomba neno," nikasema. "Huyu anajua magunia yaliwekwa wapi. Anajua nani alinunua na mimi nilichekaje nilipopokea hela. Kama hakubuni, basi alikuwepo. Na aliyekuwepo akanyamaza mpaka apate kitabu cha kuuza, huyo ni nani?"

Benedikta, yuleyule, akapaza sauti, "Mshirika wake! Twendeni kwake tukapekue!"

"Twendeni!" wakaitikia watu.

Mwaka ule hapakuwa na chumba Kariakoo kisicho na kitu chini ya kitanda, kama si mche wa sabuni, basi kopo la mafuta. Vitalis alijua cha kwake. Jasho likamtoka, na mgambo aliyekuwa amenishika akaniacha akamkamata yeye ukosi wa ile kaunda suti.

"Jamani, nilibuni!" akapiga kelele. "Sukari nilibuni, mtambo nilibuni, kila neno nilibuni! Josepha wa watu hakufanya lolote!"

Watu wakaangua kicheko. Mgambo akamwachia. Mzee Tarsis akasema mkutano umekwisha, turudi makwetu. Vitalis akainama kuokota vitabu vyake vilivyomdondoka, nami nikakanyaga kimoja kabla hajakifikia.

"Panda hapa barazani useme tena," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."